Malalamiko Kuhusu Redio ya Shule Iliyotolewa Kabatini

Zakaria Nyangau,
Mwenyekiti wa Kamati,
Shule ya Msingi ya Bwanyarangi,
karibu na soko la Ikonge.

Ijumaa, 9 Juni 1972

Kwa Bwana Afisa wa Elimu, Kisii.

Bwana Afisa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, maana jambo lenyewe nimejaribu kuliandika nikiwa nimesimama na mkono ukakataa. Sisi huku Bwanyarangi ni wazima. Chai inachumwa, ndizi zipo, mvua haijatusahau. Aliyeharibikiwa ni mmoja tu, na si mtu: ni redio ya shule.

Huenda hujui kwamba tuna redio. Hilo si kosa lako, ndivyo tulivyoitunza. Ililetwa Januari 1970 na Bwana Okemwa, mzaliwa wa hapa ambaye ni fundi wa simu huko Nakuru. Aliikabidhi mbele ya wazazi wote, pamoja na barua ya mistari miwili iliyosema kwamba redio ni kwa matumizi ya watoto wa shule, wapate kusikiliza masomo ya Kiingereza yanayotangazwa hewani. Barua haikutaja ni watoto gani wala ni mwaka gani. Kamati ilikutana, tukaona kwamba mtu asiyetaja mwaka hana haraka.

Basi nikaagiza kabati la mbao nzito, lenye kufuli. Mke wangu Mong'ina akaifumia redio kitambaa cheupe chenye maua. Ufunguo niliuvaa mimi mwenyewe shingoni, hata kanisani siku ya Sabato. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Wazazi, kabati lilifunguliwa na watoto wakapita mbele yake kwa mstari. Darasa la saba walisimama hatua moja kutoka kwenye redio, darasa la nne hatua tano, na darasa la kwanza walielezwa tu jinsi ilivyo. Wasichana walipita mwisho, kwa kuwa walikuwa na kazi ya kuwatekea wageni maji.

Nataka ulielewe hili, Bwana Afisa, kwa sababu siku hizi kuna maneno mengi juu ya usawa. Kwa miaka miwili shule yetu ilikuwa na usawa kamili. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeisikia redio zaidi ya mwenzake.

Januari mwaka huu tukaletewa mwalimu mpya, Bi. Magdaline Anyiko, kijana kutoka upande wa ziwani. Sina neno na watu wa ziwani. Wao hutuletea samaki na sisi huwapa ndizi. Neno langu ni na yeye. Katika wiki yake ya pili alikuja nyumbani kwangu, akasalimu vizuri, akakataa kiti mara ya kwanza kama adabu inavyotaka, kisha akakaa, akaniuliza:

"Mwenyekiti, ile redio inafanya nini kabatini?"

Nikamjibu, "Inakaa."

"Inakaa ikingoja nini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nikamwambia inangoja kamati. Akauliza kama kamati si mimi. Nikasema ni mimi na wengine. Basi akaenda kwa hao wengine, nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima, na kila mmoja akamwambia kwamba yeye hana neno mradi wenzake hawana neno. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu, Bwana Nyasani, ambaye ni mpole kupita kiasi, alinijia akisugua mikono.

"Mzee, wote wamekubali," akasema. "Umebaki wewe na ufunguo."

Niliutoa. Hilo ndilo kosa langu la pekee katika barua hii. Naliungama mapema ili tuendelee na ya wengine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Redio iliwashwa. Naanza na hili kwa sababu mengine yote yametoka hapo.

2. Wanaosikiliza ni wote. Mwalimu Anyiko aliandika orodha akaibandika mlangoni: kila darasa kuanzia la tatu lina siku zake, na kila wiki mtoto mwingine huzungusha kile kidude cha kutafuta stesheni, wiki hii mvulana, wiki ijayo msichana. Nimeona kwa macho yangu mtoto wa kike wa darasa la tatu, vidole vikiwa bado na unga wa uji, akiishika redio ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiifuta kwa pamba. Nilimshauri mwalimu kama baba. Nikamwambia, "Anza na wale ambao tayari wanajua Kiingereza. Hao ndio wataifaidi."

Akaniuliza, "Mwenyekiti, kwako chakula huanza kupewa aliyeshiba?"

Kwangu mimi ndiye huanza kupewa, na hakuna aliyewahi kuuliza kama nimeshiba.

3. Betri zinachoka. Zikichoka, watoto huzianika juu ya jiwe kubwa lililo mbele ya shule zipate joto na nguvu kidogo. Wapita njia hutuuliza kama siku hizi tunaanika mahindi ya chuma. Halafu wazazi huchanga mayai, yakapelekwa dukani Kebirigo kubadilishwa na betri mpya, kwa hiyo hata kuku wa Bwanyarangi sasa wanasomesha. Wakati wa ulinzi wangu betri hazikuchoka hata siku moja, kwa sababu hazikuwemo.

4. Redio imevushwa mto. Ng'ambo kuna shule ya Wakatoliki ambayo haina redio. Mwalimu Anyiko alisema kwamba watoto wa ng'ambo watafanya mtihani uleule wa darasa la saba na watoto wetu, kwa hiyo si haki mmoja asikie na mwingine akose. Bila kuomba ruhusa yangu aliifunga redio kwa leso yake, akaibeba kichwani, akavuka nayo. Sasa Jumanne na Alhamisi iko huko. Nilipomuuliza anataka nini kwa watu ambao hata siku ya kusali hatukubaliani nao, alisema masomo hayatangazwi Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Ni kweli kwamba ilirudi bila mkwaruzo na sauti yake ilikuwa ileile. Lakini niliitazama kwa muda mrefu kabla ya kukubali.

5. Nyamoita ameharibiwa. Huyu ni binti wa jirani yangu Esnah, mjane, yuko darasa la tano. Surua ilimpata akiwa mdogo ikamwachia macho hafifu, na maandishi ya ubaoni hayaoni. Tangu alipoingia darasa la pili tulimweka dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu asiyeona ubao hana haja ya kuwa mbele, na mahali pa mbele ni pa wanaoona. Alikaa hapo miaka mitatu. Hakupiga kelele, hakuuliza swali, hakumsumbua mwalimu yeyote. Nilikuwa nikimtaja mikutanoni kama mfano wa nidhamu.

Redio ilipoanza, Mwalimu Anyiko alimtoa nyuma akamweka mbele, sikio likiwa karibu na kipaza sauti. Alisema kwa redio hakuna ubao, kwa hiyo Nyamoita ana macho sawa na wenzake. Wiki ya kwanza alinyamaza. Wiki ya pili sauti ya redio iliuliza swali, darasa zima likatulia, na Nyamoita akajibu. Kisha akajibu la pili. Kisha akaanza kucheka kabla ya wengine, kwa sababu alielewa utani kabla yao. Sasa hanyamazi. Akitumwa maji anakwenda akiongea Kiingereza na mtungi. Mama yake alilia nilipomweleza jambo hili, nikadhani tumeelewana, kumbe alikuwa akilia kwa sababu zake.

6. Nimeaibishwa hadharani, na hapa naomba usome polepole.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja mgeni wa mambo ya afya, akiwa na masanduku ya chanjo. Alizungumza Kiingereza tu. Kwa muda wa miaka kumi na moja mimi ndiye ninayetafsiri maneno ya wageni hapa Bwanyarangi, na katika muda huo wote hakuna mtu aliyewahi kusema nimekosea. Uwanja ulijaa akina mama wenye watoto mgongoni, wengine wametoka mbali tangu alfajiri. Yule bibi akasema maneno yake, na ndani yake nikasikia "anda faivu". Nilitafsiri kwa uangalifu mkubwa. Anda ni chini. Faivu ni tano. Nikatangaza kwa lugha yetu kwamba watoto watano wakae chini wachanjwe, na wengine warudi nyumbani.

Niliwachagua hao watano mimi mwenyewe, kwa haki, kutoka familia tofauti za kamati. Wakakaa chini. Akina mama wengine walianza kufunga leso zao vizuri ili waondoke. Yule bibi akawa ananitazama kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kundi la watoto wa shule. "Baba Mwenyekiti, samahani. Hakusema watoto watano. Amesema watoto ambao hawajafika miaka mitano. Wote."

Ilikuwa ni Nyamoita. Nikamwambia anda ni chini, kila mtu anajua. Akasema, kwa heshima, ameinamisha kichwa, "Ndiyo, Baba. Paka yuko chini ya meza. Lakini hata umri unaweza kuwa chini. Tulisikia katika redio." Kisha akamgeukia yule bibi akamuuliza kwa Kiingereza. Yule bibi akamshika mabega yote mawili, akasema yesi, yesi, yesi, na neno hilo hata Mong'ina wangu analijua.

Akina mama waligeuka wote. Siku hiyo walichanjwa watoto arobaini na watatu. Wale watano wangu walichanjwa pia, lakini bila heshima niliyokuwa nimewaandalia.

Jioni yake nilikaa nyumbani bila kuwasha taa. Mke wangu aliniwekea chakula, akasimama kidogo, akasema, "Baba Moraa, mjukuu wetu hakuwa miongoni mwa wale watano."

Nikamwambia nilijua. Nilikuwa nimemwacha nje makusudi, watu wasiseme napendelea wa kwangu. Akanitazama, akaenda jikoni, na tangu siku hiyo ugali wangu haukosi kuja, lakini unakuja kimya.

7. Kamati imenigeuka. Niliitisha mkutano kuamua redio irudi kabatini. Nilizungumza kwa saa nzima juu ya vumbi. Nilipomaliza aliinuka Esnah, ambaye si mwanakamati na hajawahi kusema neno mkutanoni tangu mumewe afe. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti," akasema, "mtoto wangu alikaa nyuma miaka mitatu na hukuandika barua kwa mtu yeyote. Sasa amekaa mbele miezi minne, na nasikia unaandika kwa Afisa."

Hilo ni kweli, Bwana Afisa. Barua yenyewe ndiyo hii.

Tulipiga kura. Waliotaka redio irudi kabatini tulikuwa mmoja.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naiomba ofisi yako mambo yafuatayo. Kwanza, redio irudishwe kabatini, na kila mtoto aruhusiwe kuitazama kwa usawa, wasichana wakiwemo, niko tayari kuwasogeza hatua moja. Pili, Mwalimu Anyiko ahamishiwe shule isiyo na redio wala kitu chochote cha kuwasha, ambako bidii yake haitamdhuru mtu. Tatu, Nyamoita arudi kwenye dawati lake la nyuma, ambalo limebaki wazi na linatia huzuni.

Nne, itolewe amri kwamba kila chombo kipya kitakacholetwa shuleni, kiwe redio, kiwe taipureta, kiwe kile kioo cha kutazamia wadudu ninachosikia shule kubwa za Kisii mjini zinacho, kikae kwanza miaka saba bila kuguswa na mtoto, kipate kuzoea hali ya hewa. Na kwa kuwa nimechunguza nikagundua kwamba hata ubao nao umekuwa ukiandikwa kila siku mpaka rangi imepauka, na vitabu vimefunguliwa hadi vimelegea mgongo, naomba kibali cha kutengeneza makabati mengine mawili. Shule ikiwa kabatini yote, Bwana Afisa, hakuna atakayeweza kusema kwamba mtoto wa fulani amepata na wa fulani amekosa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, yule karani wako mwenye miwani, dereva, mpiga chapa, askari wa langoni na mzee anayekata majani mbele ya ofisi. Waambie wote kwamba Bwanyarangi inawakumbuka.

Ni mimi, ambaye sijachoka kutunza vitu vya watoto,

Zakaria Nyangau,
Mwenyekiti.

Nyongeza, Ijumaa 23 Juni. Barua hii imechelewa kwa sababu mto ulifurika, na aliyekuwa aipeleke Kisii alirudi nayo. Katika kungoja maji yapungue niliona si vizuri kulalamika bila ushahidi, basi Jumatatu ya tarehe kumi na mbili nikaenda darasa la tano wakati wa kipindi cha redio, nikaketi nyuma na daftari ili niandike makosa. Sauti ilikuwa ndogo huko nyuma. Mwalimu Anyiko alikuja, akabeba kiti changu, akakiweka mbele. Siku hiyo sikuandika kosa lolote kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza.

Jumatano nilirudi, kwa ushahidi zaidi. Nyamoita alikuwa karibu nami, na mahali nilipopotea alininong'oneza. Nimejifunza kwamba umri unaweza kuwa chini. Nilimwambia kwamba nimejifunza hivyo. Akasema, "Asante, Baba," kana kwamba ni mimi niliyempa kitu. Wiki hii Mong'ina naye ameanza kuja, anakaa dirishani na ufumaji wake, na jana aliniuliza kwa Kiingereza kama nataka chai. Nilitaka.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na maombi, pamoja na makabati. Mwalimu Anyiko asihamishwe. Kama kuna shule nyingine isiyo na redio upande wetu, tuandikie. Tuko tayari kuvuka mto mwingine. Shida iliyobaki ni kwamba Jumatatu asubuhi, saa ileile ya kipindi, ni siku ya kuogesha ng'ombe kwenye josho, na mimi ninao wanne. Najua josho si la ofisi yako, lakini ukikutana na Afisa wa Mifugo umweleze kwamba inabidi lisogezwe hadi saa nane mchana.

Jambo lenyewe ni la haraka. Katika hadithi ya redio ya Jumatano iliyopita, msichana mmoja aitwaye Rose alikwenda sokoni na mama yake, wakapotezana penye wauza vikapu, na muda wa kipindi ukaisha hapohapo. Hapa hakuna aliyetulia. Kama wewe huko ofisini unajua iwapo mama yake alimpata, tafadhali usitwambie. Tutasikia wenyewe Jumatatu saa nne.